Kujikinga na Homa ya Ini ni Kuitunza Amana

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Amma baad.

Ndugu Waislamu, nyinyi mliohudhuria msikitini na nyinyi mnaotusikiliza majumbani: nakuusieni, na kwanza naiusia nafsi yangu yenye kukosea, tumche Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Na katika kumcha Mwenyezi Mungu ni kuzichunga amana zake. Mwili huu si milki yetu, tumeazimwa, na Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba tutaulizwa Siku ya Kiyama tuliuchakaza katika jambo gani. Leo tuzungumze juu ya kiungo kimoja cha mwili huo, nacho ni ini, na juu ya maradhi yaliharibuyo kimya kimya, yaitwayo homa ya ini aina ya B.

Ndugu zangu, hapa mwambao kwetu kijana hujiandaa kwenda nchi za Ghuba kutafuta riziki ya halali. Ana nguvu, hana homa, hana kikohozi. Anapimwa damu, kama ilivyo sharti la kuajiriwa huko, na jibu linakuja kwamba ana homa ya ini, hawezi kusafiri. Nyumbani huanza minong'ono. Huyu husema ni uchafu wa tabia, yule husema ni hasidi amemfanyia sihiri. Baba huuza kiwanja apate fedha za waganga, na mchumba hurejesha posa. Hakuna hata mmoja anayeketi kumwuliza daktari maradhi haya ni nini.

Basi tusikilize. Maradhi haya huletwa na kirusi kikaacho katika damu na majimaji mengine ya mwili. Si homa ya manjano iletwayo na mbu, ijapokuwa zote mbili huweza kuyafanya macho kuwa ya manjano. Kirusi hiki hupita kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Hupita kwa damu, kwa sindano na wembe uliotumiwa na mwingine, na kwa kuingiliana. Nje ya mwili huweza kuishi siku 7 au zaidi, hata pale ambapo jicho halioni tone la damu.

Na hapa ndipo penye siri yake. Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili wake hukishinda kirusi. Hawafiki 5 katika kila 100 ambao hubaki nacho maisha yao. Lakini mtoto mchanga akiambukizwa, hali hugeuka: watoto wapatao 95 katika kila 100 hubaki nacho. Mtoto huyo atakua, atacheza, atasoma chuoni, naye haumwi popote. Baada ya miaka mingi ini husinyaa au huingiwa na saratani. Kwa hiyo yule kijana wetu huenda alikipata kirusi siku ile ile alipoadhiniwa sikioni, kutoka kwa mama asiyejua kuwa anacho. Iko wapi basi dhambi yake? Na mama yake ana kosa gani? Tumwogope Mwenyezi Mungu katika kuwadhania watu vibaya.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa katika mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na maradhi haya, na kati yao milioni 65 wako katika Afrika. Mwaka huo huo watu milioni 1.1 walifariki kwayo. Hawa si wachache, na wengi wao hawajijui.

Ndugu Waislamu, Mtume (S.A.W.) alituamrisha kutafuta dawa, akatujulisha kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameteremsha na dawa yake. Katika rehema hiyo ni chanjo. Ilianza kutumika miaka ya 1980. Kisiwa cha Taiwan kilianza kuwachanja watoto wake wachanga mwaka 1984, na baada ya miaka michache saratani ya ini ilipungua sana miongoni mwa watoto wa huko. Ndugu zetu wa Gambia, nchi ambayo wengi wa watu wake ni Waislamu, walianza mwaka 1986. Kenya na Tanzania ziliitia katika chanjo za watoto kati ya mwaka 2001 na 2002. Maana yake ni kwamba wengi wetu tuliozaliwa kabla ya hapo hatukuchanjwa.

Wako wanaouliza: Je, chanjo hii ina najisi? Je, inakata uzazi? Chanjo itumikayo leo hutengenezwa kwa hamira, jamii ya ile iumuayo mkate. Haina damu ya mtu wala kirusi kilicho hai, na haikati uzazi. Na wako wasemao: Kuchanjwa ni kukosa tawakuli. Hao tuwakumbushe habari ya Sayyidna Umar (R.A.), alipokuwa safarini kwenda Sham akapata habari ya tauni, akaamua kurejea na watu wake. Abu Ubaida alimwuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akamjibu kwamba anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kuiendea kadari ya Mwenyezi Mungu. Hiyo ndiyo tawakuli: ngamia hufungwa kwanza, kisha akategemewa Mola.

Basi tufanye nini? Enyi mama zetu wajawazito, ombeni mpimwe mapema kliniki. Mtoto apasa apate chanjo ya kwanza ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa. Mwulizeni mkunga kabla siku haijafika. Kisha zisimpite zile za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Mama mwenye maradhi haya asiache kumnyonyesha mwanawe, kwani maziwa hayana dhara. Enyi vijana na watu wazima, pimeni damu. Asiye na kirusi wala kinga achanjwe mara tatu katika miezi sita, wala asiache katikati.

Enyi wazee, wembe mmoja usitumike kwa watoto wawili jandoni, wala sindano moja katika kutoga masikio. Enyi mnaokwenda Hija, mnaponyoa vichwa vyenu mkitoka katika ihramu, kila mmoja awe na wembe wake mpya. Nanyi mnaoosha maiti, vaeni glovu, kwani hiyo haipunguzi heshima ya maiti.

Na aliyekwisha kuambukizwa asikate tamaa. Ziko dawa zinazokizuia kirusi na kulilinda ini, ijapokuwa mara nyingi haziking'oi kabisa. Naye ahudhurie kwa daktari hata akijiona mzima. Kula naye sahani moja, kupeana naye mkono, kusimama naye bega kwa bega katika safu ya sala, hakumwambukizi mtu. Kuoa na kuolewa kwake kunajuzu. Lakini asifiche, bali aseme kweli, na mwenzake achanjwe kwanza. Posa haikuwa na haja ya kurejeshwa. Ilikuwa na haja ya ukweli na sindano tatu.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, walinde watoto wetu, na utujaalie tuwe wenye kuisikia nasaha na kuifuata. Nasema maneno yangu haya, nami namwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na kwa ajili yenu na Waislamu wote. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.