Swali la Kwanza Makavazini



Mtafiti mchanga akitaka kuijua historia ya Langas, mtaa wetu hapa Eldoret, huanzia maktaba. Anaandika “Langas” kwenye kompyuta, anapata nambari, na nambari inamfikisha kwenye rafu ambapo mkutubi amevikusanya vitabu vya mada moja. Kila kitabu kiliandikwa ili kisomwe na mtu kama yeye. Mara nyingi kina faharasa, na kikipotea Eldoret, huenda nakala nyingine ikapatikana Nairobi.

Kisha anapanda matatu hadi Makavazi ya Kitaifa, pale Moi Avenue jijini Nairobi, karibu na sanamu ya Tom Mboya. Anatafuta tena “Langas”, anapata kidogo mno, na anarudi akisema serikali haikutuandika. Kauli hiyo huniuma, kwa sababu vijana wengi huuacha utafiti hapo.

Lakini makavazi hayapangi kwa mada kama maktaba; hufuata ofisi iliyozaa karatasi. Kanuni hii Ufaransa iliiandikia waraka mwaka 1841: karatasi za ofisi moja zikae pamoja, zisichanganywe na za nyingine. Ndiyo maana kwenye faili zetu za kikoloni utakuta herufi DC, yaani zilitoka kwa mkuu wa wilaya, au PC, kwa mkuu wa mkoa. Kabla hujajaza fomu ya kuomba faili, jiulize: ni nani aliyekuwa na kazi ya kuandika juu ya ardhi hii, na alimwandikia nani?

Tujibu kwa Langas. Kabla ya uhuru, mashamba ya wilaya yetu ya Uasin Gishu yalikuwa mikononi mwa walowezi, wakiwemo Makaburu waliofika mwaka 1908. Mwafrika aliyeishi humo na familia yake aliitwa skwota. Sheria ya 1918 ilimtaka afanye kazi ya mwenye shamba siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Basi watafute babu na nyanya zetu kwenye faili za leba, za kodi, za mifugo na za mahakama. Wamo, ila wameandikwa kama vibarua, walipa kodi au wenye ng’ombe waliozidi kiwango. Sauti zao wenyewe ni adimu, na hilo mtafiti alitamke wazi katika maandishi yake.

Mimi huwahimiza wanaoanza wasome ripoti za makabidhiano. Afisa aliyehamishwa alimwachia mrithi wake maelezo ya wilaya: chifu gani anategemewa, mgogoro gani wa mpaka haujaisha. Ripoti ya mwaka ilipelekwa kwa wakubwa, na mwandishi alijipamba. Kwa mwenzake alisema mambo kwa uwazi zaidi. Usomapo karatasi yoyote, mtazame kwanza aliyekusudiwa kuipokea.

Pengo katika makavazi nalo lina historia. Moto wa mwaka 1939 uliteketeza nyaraka nyingi za makao makuu ya serikali jijini Nairobi. Uhuru ulipokaribia, Waingereza walihamisha faili nyingi kwao, na kuwepo kwa faili hizo Hanslope Park, Uingereza, kulijulikana hadharani mwaka 2011, wazee wa Mau Mau walipokuwa mahakamani London. Na kwa kawaida faili ya serikali yetu husubiri miaka 30 kabla ya kufunguliwa kwa umma.

Ukiletewa faili, tumia penseli, na usibadilishe mpangilio hata ukiuona ovyo. Barua iliyofungwa nyuma ya malalamiko huenda ndiyo jibu lake. Ukiihamisha, anayekuja baada yako hatajua.

Utaratibu huo huo uufuate hapa mtaani. Kuna nyumba zenye risiti za ploti, daftari za mikutano na barua za kanisa ndani ya masanduku. Mwombe mwenyewe ruhusa, ziache zilivyopangwa, na kabla ya kupiga picha karatasi ya kwanza, andika ilikuwa katika sanduku la nani na ilimfikiaje.