HOTUBA: KILA CHUMA NA RANGI YAKE



Aendaye kisiwa cha Funzi hufika kwanza Bodo, kusini ya Msambweni, akaiacha motokaa yake bara, kisha akavuka kwa mashua kati ya mikoko. Muda wote awapo kisiwani, motokaa yake hubaki katika hewa ya chumvi, mchana na usiku. Hewa hiyo haizuiliwi na boneti. Huingia ndani, huacha chumvi juu ya vyuma, na umande ukishuka, chumvi ile huyeyuka na kuanza kula. Kwa mtu ambaye pikapu yake ndiyo jembe lake, achukuaye samaki mpaka Ukunda au mizigo mpaka Likoni, kutu hiyo ni hasara ya riziki.

Wenye vyombo wa pwani walikwisha kulifahamu jambo hili zamani. Ilikuwa desturi yao kupaka deheni, yaani shahamu na chokaa, katika mbao zilizo chini ya maji, na sifa, yaani mafuta ya papa, katika mbao zilizo juu. Hawakudhani kwamba dawa moja yatosha chombo kizima, kwa maana adui wa chini ni mdudu atoboaye mbao, na adui wa juu ni jua. Mashine ya motokaa ni vivyo hivyo. Kosa la watu wengi ni kununua kopo moja la rangi ya milango na kupaka kila kitu.

Basi na tutazame maadui hao mmoja mmoja. Maji ya kupozea injini huwa na moto wa kiasi cha nyuzi 90 za sentigredi. Kwa hiyo mwili wa injini hutaka rangi iliyotengenezwa kwa injini, iwezayo kustahimili nyuzi 150 au zaidi, na isiyolainika kwa mafuta.

Bomba la ekzosi laweza kupita nyuzi 500, na hapo rangi ya injini huungua na kubambuka. Yafaa rangi ya silikoni yenye unga wa alumini, ambayo kopo lake laonyesha nyuzi 600 au zaidi. Rangi hii hupakwa juu ya chuma kitupu, bila rangi ya msingi ya kawaida, nayo haikomai mpaka ipate moto. Injini na iwashwe kwa muda mfupi, izimwe ipoe, kisha iwashwe tena kwa muda mrefu zaidi.

Kibao cha betri huliwa na asidi. Betri ikiisha kutolewa, kibao kioshwe kwa maji yenye magadi, kisuuzwe, kikauke, ndipo kipakwe rangi ya epoksi, ile ya makopo mawili yanayochanganywa. Epoksi huharibiwa na jua, lakini chini ya boneti hakuna jua. Yafaa pia karibu na chupa ya mafuta ya breki, kwani mafuta hayo huyeyusha rangi nyingi za kawaida. Hata hivyo, pavujapo pazibwe kwanza, na yaliyomwagika yaoshwe kwa maji mara moja.

Lakini hata rangi bora haidumu juu ya chumvi. Chumvi iliyofunikwa huvuta maji kupitia katika rangi, na malengelenge hutokea. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuosha chuma kwa maji matamu na sabuni. Ya pili, kukwangua kutu kwa brashi ya waya na msasa. Ya tatu, kufuta mafuta kwa tina. Mtu asipake alfajiri, umande ungali juu ya chuma. Mikono miwili myembamba hushinda mmoja mzito. Na afanyaye kazi hii na akae mahali penye upepo, akiziba pua na mdomo, maana vumbi la rangi kuukuu laweza kuwa na risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto.

Viko vitu visivyopakwa rangi: mikanda, mipira, na mahali waya zinapofungwa katika mwili wa motokaa, kwani rangi huzuia umeme.

Mwisho, rangi hulinda chuma kizima, haiponyi kilichooza. Bomba la breki lililochimbwa na kutu likipakwa rangi nyeusi hung'aa kama jipya, na fundi atakayelitazama baadaye hataona ubovu wake. Siku litakapopasuka, breki zaweza kukosa kushika, na walio ndani ya motokaa ndio watakaolipa. Bomba kama hilo na libadilishwe kwanza, ndipo rangi ifunguliwe.