Gitaa la Besi Lililoandikwa "Bovu"

(Mazungumzo ya mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka, ukumbini shuleni)



Katibu aliponiandikia barua alinitaka nizungumze juu ya utumishi wa umma na kijana wa leo. Nimemwomba radhi. Juu ya utumishi wa umma mtasikia mengi kutoka kwa wakubwa zangu walioketi hapa mbele. Mimi nimekuja kuzungumza juu ya gitaa hili la besi mnaloliona mezani, na nina sababu ambayo nitaieleza nikifika mahali pake.

Wale wa miaka ya 1990 wanalikumbuka. Ni la Kijapani, lililoigwa umbo la Fender Precision, gitaa ambalo lilianza kuuzwa Marekani mwaka 1951. Lilikuwa na umri mkubwa kuliko sisi tuliolipiga. Siku zile mwanafunzi hakuwa na gitaa lake. Hata wanamuziki wakubwa wa nchi hii, tangu NUTA Jazz ilipoanzishwa mwaka 1964, wengi wao walipiga vyombo vya mwajiri. Na chombo cha taasisi huandikwa katika leja. Kikiharibika, hutafutwa mtu.

Katika mahafali ya Kidato cha Nne ya mwaka 1998, katikati ya wimbo wa pili, gitaa hili lilinyamaza. Kisha likaanza kunguruma kama gari moshi linalopanda mlima, likanyamaza tena. Aliyekuwa amelishika ni kijana wa Kidato cha Tatu, mpiga besi wetu wa akiba. Wote tulimwona akizungusha kitufe cha volyumu mbio mbio, huku na huku. Basi ikaamuliwa kwamba yeye ndiye aliyeharibu, kwa kuchezea vitufe bila ruhusa. Baba yake, mkulima wa uwele na zabibu huku huku kwetu Ugogoni, aliitwa shuleni akalipa. Nasikia aliuza mbuzi wawili. Gitaa likaingia stoo na kipande cha karatasi kilichoandikwa neno moja: BOVU.

Mimi nilikwenda zangu Kidato cha Tano, kisha Chuo Kikuu, Mlimani, kisha kazini Dar es Salaam. Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, wizara yangu nayo ikafungasha, nami nikarudi kwenye vumbi langu. Mwaka 2019 Umoja wetu ulitakiwa kusaidia kupitia orodha ya mali za stoo ili zisizofaa zifutwe. Nikaikuta: "Gitaa la besi, 1, bovu." Nikaomba ruhusa ya kulifungua kabla halijafutwa.

Sasa vijana nisikilizeni, maana hapa ndipo penye faida yenu. Gitaa la besi la namna hii halina miujiza. Chini ya nyuzi kuna pikapu (nisieleweke kuwa nasema gari): sumaku zilizozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, mizunguko maelfu. Uzi ukitikisika mbele ya sumaku, umeme kidogo huzaliwa katika waya ule. Umeme huo hupita kwenye kitufe cha volyumu na cha toni, ambacho kimefungiwa kapasita moja, ukatokea kwenye tundu la kuchomekea kebo. Basi. Redio ya mkulima ina mambo mengi kuliko hayo.

Kosa la watu wengi ni kuanza kufungua. Usifungue kwanza. Badilisha kitu kimoja kimoja: kebo nyingine, kisha gitaa jingine katika amplifaya ile ile. Nadhani nusu ya magitaa yanayoitwa mabovu yana kebo mbovu tu. Ikiwa kebo na amplifaya ni nzima, gonga pikapu polepole kwa ncha ya bisibisi; ikisikika "tok" kwenye spika, basi pikapu iko hai.

Kisha chukua mita ya fundi redio, iweke upande wa kupima omu. Chomeka kebo katika gitaa, pima ncha ya pili ya kebo, volyumu ikiwa imefunguliwa yote. Gitaa la aina hii likiwa zima litakupa kama omu elfu kumi. Likikupa kama 250,000, ambacho ndicho kipimo cha kitufe cha volyumu peke yake, ujue waya wa pikapu umekatika na unapima kitufe kitupu. Mita isipoonyesha kitu kabisa, njia imekatika kwenye tundu au kwenye kebo. Ikionyesha sifuri, kwanza hakikisha hukuifunga volyumu, maana volyumu iliyofungwa husoma sifuri hata kama gitaa ni zima. Mimi mwenyewe niliwahi kulifungua gitaa la rafiki kwa ujinga huo.

Nilipopima hili, mita haikuonyesha kitu. Nikaitikisa kebo pale inapoingia, sindano ikaruka hadi omu elfu kumi, ikaanguka. Nikafungua skurubu za bamba. Nati ya tundu ilikuwa imelegea, tundu zima lilikuwa likizunguka kila kebo ilipovutwa, na waya wa ethi ulikuwa umesokoteka hadi lehemu yake ikaachia. Ulikuwa ukigusa na kuacha, kugusa na kuacha.

Hapo nilikaa chini sakafuni. Maana ethi ikiachia, besi hutoa mngurumo mkubwa, na mngurumo ule una dalili yake: ukipunguza volyumu, haupungui. Kitufe hunyamazisha gitaa kwa kuipeleka sauti kwenye ethi. Pasipo ethi hakina pa kuipeleka. Na pikapu ya gitaa hili ni ya vipande viwili, kama Fender walivyoanza kufanya mwaka 1957, ambavyo hufutana mngurumo. Kwa hiyo likinguruma vile, ethi ndiyo ya kushukiwa kwanza. Umeme wetu wa ukutani hutetemeka mara 50 kwa sekunde, karibu sana na noti ya G ya chini ya besi, ambayo ni 49. Ndiyo maana usiku ule baadhi yetu tulidhani kijana anapiga noti mbaya.

Yule kijana alizungusha kitufe ili kuua mngurumo, na mngurumo haukufa. Ukumbi mzima uliona. Ule ulikuwa ushahidi kwamba kosa halikuwa kwenye kitufe, na sisi tukaufanya ushahidi wa kumtia hatiani.

Sababu yangu ya kuzungumza leo ni hii. Kabla ya onyesho lile nilipita nyuma ya jukwaa nikiwa nimebeba kiti, mguu wangu ukanasa kwenye kebo, nikaivuta kwa nguvu. Gitaa lilikuwa limechomekwa. Nilishuku baadaye, na sikusema.

Kulitengeneza kulichukua chini ya saa moja. Nilikaza nati, nikakata waya mahali palipochakaa, nikalehemu upya. Volyumu ilikuwa ikikwaruza kwa vumbi la miaka ishirini. Huoshwa kwa dawa ya kusafishia vifaa vya umeme, si kwa mafuta ya taa wala grisi, tafadhali. Vumbi letu hili la Dodoma halihitaji kuongezewa grisi.

Na onyo moja. Gitaa fungueni, amplifaya msifungue. Kapasita zake hushika umeme mkali hata baada ya kuchomolewa. Wala msikate mguu wa tatu wa plagi ili iingie kwenye soketi. Nyuzi za gitaa zimeungwa na ethi ya amplifaya. Ethi ya ukutani ikiwa haipo na amplifaya ina hitilafu, umeme utapitia vidoleni mwenu.

Yule mwenzetu nilimpata kwa simu mwaka ule ule. Nilimweleza yote, pamoja na habari ya mguu wangu. Alinyamaza kitambo, kisha akasema baba yake alikwisha kufariki, na kwamba hadi mwisho mzee aliamini mwanawe ni mharibifu wa vitu vya watu. Nilimtajia habari ya kulipa mbuzi. Alisema tutazungumza siku nyingine. Hatujazungumza bado.

Ndugu Mkuu wa Shule, naomba leja isahihishwe, na sababu iandikwe pembeni kwa wino, siyo kufutwa tu. Gitaa lenyewe litabaki hapa. Baada ya chai nitalifungua bamba kwa wanaotaka kuona ndani. Mwenye bisibisi ya nyota ndogo aje nayo, yangu nimeisahau nyumbani.