Siku Moja Mjini Berlin: Tumfuate Nani, Tuulize Nini?

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wahitimu wa kisomo cha watu wazima, Nyololo, wilaya ya Mufindi. Tunayachapisha kama yalivyosemwa.)



Nimeombwa nizungumze juu ya matembezi. Najua kuna atakayesema, "Matembezi gani, na mahindi yanangoja palizi?" Ngoja kwanza, mwenzangu. Matembezi haya yanatuhusu.

Watu wa Ulaya na Marekani wana desturi moja. Mtu anakwenda kuutazama mji mkuu wa zamani kwa siku moja tu. Anamkodi mwongozaji wake mwenyewe, wa kumtembeza yeye na jamaa zake peke yao. Asubuhi wanakutana, wanakwenda kwa miguu, wanapanda garimoshi, mwongozaji anaeleza. Jioni wanalipana na kuagana. Hata kwetu jambo hili lipo. Wageni wanaokwenda kutazama wanyama Ruaha hufanya hivyo hivyo.

Leo tutembee Berlin, mji mkuu wa Ujerumani. Kwa nini Berlin, na si Roma au Paris? Kwa sababu amri zilizowaleta askari wa Kijerumani hapa Uhehe zilitoka Berlin. Wazee wetu walipigana nao Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, wakamwua mkubwa wao, Zelewski. Kalenga, mji mkuu wa Mkwawa, ulivunjwa kwa mizinga mwaka 1894.

Berlin ni mji mkubwa, una watu zaidi ya milioni 3 na nusu. Lakini msishangae sana. Dar es Salaam ina watu wengi kuliko Berlin. Sensa yetu ya mwaka 2022 ilihesabu Dar es Salaam watu zaidi ya milioni 5.

Haya, twende.

LANGO LA BRANDENBURG

Mwongozaji karibu kila mmoja huanzia hapa. Ni lango kubwa la mawe lililomalizika kujengwa mwaka 1791. Juu yake pana sanamu ya mwanamke amesimama katika gari linalovutwa na farasi wanne.

Mwaka 1806 Napoleon wa Ufaransa aliushinda mji huu. Akaiteremsha sanamu ile, akaipeleka kwao Paris. Wenyeji waliumia sana. Mwaka 1814 Napoleon aliposhindwa, wakaifuata sanamu yao, wakairudisha na kuipandisha juu ya lango. Miaka minane tu, kitu chao kikarudi nyumbani kwa shangwe.

Jambo hili mliweke akilini. Tutalirudia.

Karibu na lango hilo ulipita ukuta ulioigawa Berlin pande mbili. Ulijengwa mwaka 1961. Ulifunguliwa tarehe 9 Novemba 1989, na nchi ikaungana tena tarehe 3 Oktoba 1990. Waongozaji wengi huueleza ukuta huo kirefu, na wana haki, maana uliwatenga ndugu na ndugu.

MTAA WA WILHELM

Kutoka langoni, ukitembea hatua chache unafika mtaa uitwao Wilhelmstraße. Hapa ilikuwapo nyumba ya Bismarck, aliyekuwa mkuu wa serikali. Siku hizi nyumba hiyo haipo, lipo bango la kumbukumbu. Mgeni asipoambiwa, atapita tu.

Ndani ya nyumba hiyo, kuanzia tarehe 15 Novemba 1884 mpaka tarehe 26 Februari 1885, wajumbe wa nchi 14 walikaa kuzungumza juu ya Afrika. Waliweka masharti ya nchi za Ulaya kutwaa sehemu za Afrika. Mwafrika mwenye kuzungumza kwa niaba ya Waafrika hakuwamo hata mmoja.

Wakati wao wanakaa kule, Mjerumani mmoja aitwaye Carl Peters alikuwa huku kwetu. Alipita Usagara na nchi za jirani akiwa na karatasi. Mnajua habari za Mangungo wa Msovero. Novemba 1884 aliwekewa mbele yake karatasi ya Kijerumani, naye akatia alama yake. Mangungo hakuwa mjinga. Alikuwa mtawala mwenye akili zake. Lakini karatasi ile hakuweza kuisoma. Yeye alidhani ni mambo ya urafiki, kumbe imeandikwa kwamba ametoa nchi. Peters akarudi Berlin na karatasi zake. Tarehe 27 Februari 1885, siku moja tu baada ya mkutano kwisha, mfalme wa Ujerumani akampa hati ya ulinzi.

Hivi, ndugu zangu, mnaona kisomo kina kazi gani? Mpaka leo karatasi zinakuja vijijini: za mashamba, za mikopo, za miti. Ukiambiwa, "Weka dole gumba hapa," useme, "Kwanza nisome."

MJUSI MKUBWA WA LINDI

Sasa tupande garimoshi la chini ya ardhi. Tunashuka penye makumbusho ya viumbe. Ukiingia ukumbini unakuta mifupa ya mnyama wa kale, mfano wa mjusi, amesimama kwa urefu wa zaidi ya meta 13. Watu hutoka nchi nyingi kuja kumtazama. Huyo ni mwenzetu. Ametoka Tendaguru, mkoani Lindi.

Wajerumani walichimba mifupa ile kuanzia mwaka 1909 hadi 1913. Kusema kweli, waliochimba kwa majembe na kubeba kwa vichwa ni watu wetu, mamia kwa mamia. Mmoja wa wasimamizi wao hodari aliitwa Boheti bin Amrani. Mizigo ilibebwa kwa miguu siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, ikapakiwa melini. Jumla ilipita tani 200. Fikirini lori la tani 10 likijazwa mara 20, halafu mzigo wote huo uwe juu ya vichwa vya watu.

MTAA WA WAAFRIKA

Tupande tena garimoshi lile lile, tuelekee kaskazini. Tunafika sehemu inayoitwa Mtaa wa Kiafrika. Vibao vingi vya njia vina majina ya kwetu. Pana njia ya Zanzibar, njia ya Uganda, njia ya Kongo, njia ya Togo. Mgeni aweza kufurahi, "Kumbe wanatupenda hivi!" Lakini majina haya yalianza kuwekwa kujivunia makoloni. Njia moja ilipewa jina la Carl Peters, yule yule wa karatasi, ambaye watu wetu walimwita Mkono wa Damu.

Waafrika wanaoishi Berlin na Wajerumani wenye nia njema walidai kwa miaka mingi jina hilo liondolewe. Mwaka 1986 wakubwa wa mji walisema tangu sasa jina ni la Peters mwingine. Kibao kikabaki vile vile! Watu hawakukubali. Mwishowe, Agosti 2024, kibao kilishushwa. Kipande kimoja cha njia kikapewa jina la Anna Mungunda, mwanamke wa Namibia. Kipande cha pili sasa kinaitwa Maji-Maji-Allee, yaani Njia ya Maji Maji.

Katika watu waliodai hivyo yumo Mtanzania mwenzetu, Mnyaka Sururu Mboro, aliyezaliwa Kilimanjaro. Alikwenda Ujerumani mwaka 1978. Kwa miaka mingi amekuwa akiwatembeza wageni na wenyeji katika mtaa huu na kuwaeleza yaliyofichika. Alipokuwa akiondoka nyumbani, bibi yake alimwagiza akakitafute kichwa cha Mangi Meli. Mangi Meli alinyongwa na Wajerumani Moshi tarehe 2 Machi 1900, na watu wakasema kichwa chake kimepelekwa Ulaya.

WAONGOZAJI WAWILI

Sasa sikieni. Mji ni ule ule, na siku ni ile ile moja. Mwongozaji wa kwanza atakuonyesha lango, majumba ya wafalme, na mahali pa chakula kizuri. Hakukudanganya hata neno. Wa pili atakuonyesha bango la Wilhelmstraße, mifupa ya Tendaguru, na kibao cha Maji Maji. Naye hakukudanganya. Lakini jioni mgeni wa kwanza na mgeni wa pili hawatasimulia habari moja.

Kwa hiyo, mgeni mwenye busara huuliza kabla ya kulipa: Utanionyesha nini? Utaacha nini? Unayosema umeyasoma wapi? Asiye na swali lake hutembezwa kama mbuzi wa kamba.

VICHWA VYA WAZEE WETU

Turudi kwenye ile sanamu ya farasi. Wajerumani walikaa miaka minane bila kitu chao. Sisi je?

Mkwawa alijiua Julai 1898 ili asikamatwe. Kichwa chake kilikatwa, kikapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, uliwaagiza Wajerumani wakirudishe katika miezi sita. Hawakukirudisha. Fuvu lilipatikana katika makumbusho ya mji wa Bremen, na tarehe 19 Juni 1954 Gavana Twining akamkabidhi mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, pale Kalenga. Hesabuni wenyewe: kutoka 1898 mpaka 1954 ni miaka 56.

Na Mkwawa alikuwa na jina kubwa. Wasio na jina je? Makumbusho ya Berlin yalichunguza mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki wakati wa ukoloni. Mengi ni ya Rwanda, na karibu 200 ni ya Tanzania. Septemba 2023 wakatangaza kwamba wamepata jamaa walio hai wa mafuvu matatu. Wataalamu walipima mate ya jamaa hao na kuona damu ni moja. Mmoja wa marehemu alikuwa mshauri wa Mangi Meli, na katika kumbukumbu za makumbusho ameitwa Akida. Mangi Meli mwenyewe hakuonekana katika uchunguzi ule.

Mwezi mmoja na zaidi baadaye, tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea akaomba msamaha kwa yaliyotendwa.

Sasa, kwa nini wale watatu walipatikana na wengine hawakupatikana? Kwa sababu kule yalikuwapo maandishi, na huku ulikuwapo ukoo uliokumbuka jina. Likikosekana moja, mtu hubaki namba tu juu ya rafu.

TUFANYE NINI?

Nauli ya Berlin ni kubwa, na lazima kuomba ruhusa ya kuingia kwenye ubalozi wao Dar es Salaam. Wengi wetu hatutakwenda. Lakini kazi mbili tunaziweza kutoka hapa hapa Nyololo.

Ya kwanza. Kila mmoja anunue daftari moja. Amwendee mzee wa ukoo wake, aandike: jina la babu, na babu wa babu. Alizikwa wapi? Alipigana vita gani? Nani hakurudi? Andika pia jina la aliyekusimulia na tarehe ya siku hiyo. Usingoje. Wazee wanaondoka, na wanaondoka na majina.

Ya pili. Tufanye matembezi yetu wenyewe, siku moja, Kalenga. Nako kulikuwa mji mkuu. Kuna makumbusho, na fuvu la Mkwawa limo. Watu 20 wakichanga wanaweza kukodi basi dogo. Patana na dereva bei ya kwenda na kurudi, mkiandike. Wapeni habari watu wa makumbusho mapema. Ondokeni alfajiri, jioni mtakuwa mmerudi. Na kila mtu aende na swali lake limeandikwa.



Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini Mangungo alitia alama kwenye karatasi ile?
2. Sanamu ya farasi ilikaa Paris miaka mingapi? Fuvu la Mkwawa lilikaa Ujerumani miaka mingapi?
3. Mgeni akija Nyololo kwa siku moja, tumwonyeshe nini? Nani amwongoze?
4. Katika ukoo wako, ni nani anayekumbuka majina ya zamani kuliko wote? Utamwona lini?