Kupata Mtoto Salama Baba Anapoishi na VVU

Msikilizaji, mwanamume anayeishi na VVU anaweza kumpa mkewe ujauzito kwa njia ya kawaida bila kumwambukiza, ilimradi virusi vyake viwe vimefubazwa, yaani dawa za ARV ziwe zimevipunguza katika damu hadi kipimo kisivione. Utafiti uliofanywa katika nchi kadhaa za Ulaya na kuchapishwa mwaka 2016 haukupata hata mtu mmoja aliyeambukizwa na mwenzi aliyefikia hali hiyo. Virusi vifubazwe kwanza, ndipo mtoto atafutwe.

Wenzi waende kliniki pamoja, mume apimwe wingi wa virusi, mke apimwe VVU, na wote wawili wachunguzwe magonjwa ya zinaa. Kondomu iendelee kutumika mpaka mume awe amemeza dawa kila siku kwa miezi 6 au zaidi, na majibu yaonyeshe kuwa virusi havionekani; kunawiri kwa mwili, ambako wengi hukutegemea, si kipimo. Wenzi wenye wasiwasi wamwombe mhudumu dawa kinga, ambayo humezwa na mke asiye na maambukizi, na waache kondomu katika siku za rutuba pekee, takriban wiki 2 kabla ya hedhi inayofuata.

Mtoto huambukizwa kupitia mama, si moja kwa moja kutoka kwa baba. Kwa hiyo mume asiache dawa mimba ikishaingia, na mke arudie kupima wakati wa ujauzito na anaponyonyesha.