Mwalimu Nyerere na Demokrasi

Waheshimiwa wazee wetu, na ninyi ndugu zangu Waislamu wa Gisenyi,

Nimetakiwa niseme machache juu ya demokrasi. Nimemchagua Mwalimu Julius Nyerere wa Tanzania, jirani zetu, kwa kuwa fikra zake zilikwenda safari ndefu.

Mwaka 1963 aliandika kwamba chama kikiwa kimoja, nacho ni cha taifa zima, demokrasi huwa imara kuliko penye vyama viwili. Hoja yake ni kuwa wazee wa Kiafrika huketi wakazungumza hata wakaafikiana. Mwaka 1965 jambo hilo likawa sheria. Wagombea wawili wa chama kile kile wakashindana, na hata baadhi ya mawaziri wakaanguka.

Lakini mwaka 1990 mzee huyo huyo alisema waziwazi kwamba chama kisicho na mshindani huzembea, na kuzungumza habari ya vyama vingi si dhambi. Tume ya Jaji Nyalali ikakuta walio wengi wataka chama kimoja. Hata hivyo ikashauri vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikageuzwa. Wachache nao wakapata pa kusemea.

Ndugu zangu, sisi tunayo Sura nzima iitwayo Ash-Shura. Basi mbona katika vikao vyetu kijana anenaye kinyume huitwa mfitini? Kuafikiana kwa kunyamazishana si shauri. Na mzee airudiaye kauli yake kwa ajili ya haki, heshima yake haipungui, bali huzidi.