DENI LA TAIFA NA REDIO YA UMMA
(Mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wakazi wa Madimba, Mtwara)



Nimetakiwa nizungumzie swali linaloulizwa kila bajeti inapokuwa finyu: je, taifa linalodaiwa liendelee kugharimia redio na televisheni ya umma, ilhali zahanati zinahitaji dawa na visima vinahitaji pampu?

Swali hili si geni. Mwezi Januari 2016 Serikali ilitangaza kwamba Shirika la Utangazaji Tanzania halitaonyesha tena vikao vyote vya Bunge moja kwa moja, na gharama ikatajwa kuwa shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka. Hoja hiyo ina uzito. Mwenye deni hana budi kuhesabu senti zake.

Hata hivyo, sisi wa Madimba tunaishi jirani na deni lenyewe. Mtambo wa kusafisha gesi tunaouona hapa, pamoja na bomba liendalo Dar es Salaam, ulizinduliwa Oktoba 2015 baada ya kujengwa kwa mkopo wa zaidi ya dola bilioni 1 kutoka Benki ya Exim ya China. Wala hatujasahau tarehe 22 Mei 2013, ambapo bajeti ya nishati iliposomwa Dodoma, ghasia zilizuka Mtwara. Uamuzi usioelezwa na kujadiliwa hadharani unaweza kugharimu kuliko matangazo ya mwaka mzima.

Yapo pia mambo ambayo mfanyabiashara hatayalipia. Mwaka 1973 kampeni ya “Mtu ni Afya” ilitumia redio kuwafundisha mamilioni ya wananchi usafi na uchimbaji wa vyoo. Aprili 2019, Kimbunga Kenneth kilipotishia pwani yetu kabla ya kupiga Cabo Delgado, ng’ambo ya Ruvuma, mvuvi wa Msimbati hakuweza kungoja gazeti la kesho.

Kwa hiyo nashauri fedha ya umma ilipie kwanza mambo matatu: mijadala ya bajeti na mikopo, tahadhari za maafa, na elimu. Muziki na burudani vijitegemee kwa matangazo ya biashara. Tena hesabu za shirika hilo, zikishakaguliwa, zisomwe katika redio hiyo hiyo.

Wahenga walisema, dawa ya deni ni kulipa. Basi anayelipa asikie anacholipia.